Mwongozo kamili: Jinsi ya kusimama na mgonjwa wa muda mrefu, kwa maombi na kwa mikono, bila kuishia njiani

Hii ya kuanza na mgonjwa alafu tunapotea imezidi jamani. Mama wa watu anapigwa na kiharusi hapa Tanga, pale Makorora au Mabawa, wiki ya kwanza viatu vimejaa mlangoni mpaka hupati pa kukanyaga, jumuiya imekuja, kwaya imekuja, wamama wameleta mchele na sukari, ikifika wiki ya nne kabaki binti yake peke yake na beseni. Na sio kwamba watu ni wabaya. Wengi wanaouliza kuhusu hili ni watu wanaosali kweli na wanafunga kweli, ila mwezi wa pili wanaanza kukwepa ile njia inayopita kwa mgonjwa.

Ninavyoona mimi kinachotuangusha ni vitu viwili. Tunaenda bila mpango, na tunaenda huku tunasubiri kitu: uponyaji wa haraka tukautolee ushuhuda, au basi hata shukrani. Visipokuja, miguu inakuwa mizito. Kwa hiyo hapa naeleza kazi ya miezi, labda mwaka na zaidi, kwa mtu wa kawaida ambaye sio nesi wala mchungaji.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Watu watano mpaka saba, na wewe ukiwemo. Usianze peke yako hata kama una moyo mkubwa.
- Daftari moja la mistari na kalamu, vikae kwa mgonjwa.
- Khanga mbili kuukuu zilizo imara. Matumizi yake nitaeleza hatua ya nne.
- Beseni, ndoo yenye mfuniko, sabuni ya mche, taulo dogo, glavu, na kipande cha nailoni cha kutandika chini ya shuka.
- Mto wa ziada au miwili, hata ya kushona mwenyewe.
- Biblia.
- Namba ya simu ya mhudumu wa afya wa mtaa au wa zahanati iliyo karibu.
- Ruhusa ya familia. Hiyo ndio ya kwanza kuliko vyote, tuanze nayo.

## Hatua ya 1: Omba ruhusa, na sema unakuja kwa muda gani

Piga hodi, salimia wakubwa shikamoo zao, kaa, sikiliza kwanza. Alafu mwambie anayeuguza wazi: "Dada, sisi tuko sita, tungependa tuwe tunakuja kusaidia kila siku mmoja, kwa miezi mitatu, alafu tukae tena tuone. Utaruhusu?"

Kwa nini miezi mitatu? Kwa sababu ukisema "tutakuwa pamoja" bila kikomo hakuna anayejua umeahidi nini, hata wewe mwenyewe hujui. Ukitaja muda unabanwa na neno lako, na yeye anajua atamtegemea nani.

Tanga yetu inasifika kwa waja leo waondoka leo, sasa kwa mgonjwa hilo lisituhusu.

Angalizo: kama nyumba ni ya majirani zetu Waislamu, na Ngamiani nyumba nyingi ni hivo, usiende na ajenda ya kubadilisha mtu dini kwa mlango wa ugonjwa. Uliza kama wanaridhia uombe pale. Wakisema hapana, ombea nyumbani kwako na maji uendelee kuchota. Msamaria wa kwenye Luka 10 hakumuuliza yule majeruhi anasali wapi, alimfunga jeraha, akamlaza kwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, na akasema akirudi atalipa kilichozidi. Mimi hapo kwenye "akirudi" huwa naona ndipo uzito ulipo, kusaidia mara moja wengi tunaweza.

Imekaa sawa kama: familia imekubali kwa mdomo wake, na umejua saa ambazo hawataki mgeni.

## Hatua ya 2: Gawaneni siku kwa majina

Kwenye Marko 2 yule mwenye kupooza alibebwa na watu wanne, na imeandikwa Yesu alipoiona imani *yao*. Yule mgonjwa hasemi neno lolote kwenye habari ile yote. Waliobeba ndio walioamini, wakapanda darini na kutoboa. Sasa jiulize kama wangekuwa wawili wangefika? Imani ya kuvumilia sio lazima itoke kwa mtu mmoja mwenye nguvu, inaweza kugawanywa kwenye pembe nne za kitanda.

Basi kaeni mgawane. Anayeuza samaki hawezi asubuhi, mpangie jioni. Wa bodaboda anaweza kuazima bajaji ya rafiki yake, huyo ndio wa kumpeleka mgonjwa kliniki. Mwalimu apewe Jumamosi. Andikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, jina na siku, na nyuma ya kila jina jina la wa akiba. Mkitaka fungueni na grupu la WhatsApp, lakini liwe la ratiba tu, sio la kutumiana picha za maua na asubuhi njema, maana likijaa hayo ujumbe wa "leo siwezi" unapotea humo humo.

Sheria moja tu: usipoweza siku yako, wewe ndiye unamtafuta wa akiba, sio familia.

## Hatua ya 3: Anza na anayeuguza

Hapa wengi tunapita bila kuona. Mgonjwa analala, anayeuguza halali. Ukiingia usiende moja kwa moja kitandani na Biblia, tazama yule binti kwanza. Amekula? Ana nguo safi? Mara ya mwisho kutoka nje ya geti ni lini?

Na acha ile kauli ya "ukihitaji chochote tuambie". Hatasema, ataona aibu. Mpe viwili achague: "Dada, leo nifue au niende gengeni?" Hapo anajibu fasta. Au mwambie nenda kalale masaa mawili mi nipo, alafu ukae kweli usiangalie saa.

Kila wiki awe na nusu siku yake ya kutoka, aende saluni, aende ibadani, aende kukaa Raskazone kutazama bahari, popote. Usimuulize alikuwa wapi.

Imekaa sawa kama: amelala mchana bila kuamka kuja kuchungulia.

## Hatua ya 4: Kazi ya mikono

Hapa ntakaa kidogo maana ndipo mgonjwa anapoumia tukikosea.

Nawa kwanza. Sabuni na maji yanayotiririka, kabla ya kumgusa na baada. Glavu vaa kwa choo, mkojo na vidonda. Kama ana kifua kikuu madirisha yafunguliwe na ufuate maelekezo ya zahanati.

Kugeuza. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili, kwa sababu nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu, na kidonda kinaanza. Sasa zile khanga: kunja khanga mara mbili, itandaze kwa upana chini ya mgonjwa kuanzia mabegani mpaka mapajani. Mmoja asimame kulia, mwingine kushoto, kila mtu akunje pindo la upande wake mpaka ngumi zikaribie mwili wa mgonjwa. Hesabuni pamoja moja, mbili, tatu, alafu mnyanyue kidogo na kumsogeza, sio kumburuza. Kuburuza kunachubua ngozi. Baada ya hapo mlaze kwa ubavu, mto nyuma ya mgongo, mto mwingine katikati ya magoti ili mifupa isigongane.

Angalizo: mgonjwa wa kiharusi usimvute kwa mkono uliopooza, hata kama unamsaidia kukaa. Misuli ya bega lile imelegea hailishiki vizuri, linaumia vibaya sana. Na mwambie kabla hujamshika, "bibi, sasa tunakugeuza kulia", hata kama hajibu. Huenda anasikia.

Kukagua ngozi. Kila ukimgeuza tazama visigino, makalio, mfupa wa juu ya makalio, nyonga, viwiko, na nyuma ya kichwa. Kwetu wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tafuta sehemu iliyozidi weusi, au ya moto, au ngumu kuliko pembeni yake. Ukiikuta usiisugue wala usiikande, mweke asiilalie kabisa, andika kwenye daftari, na mjulishe mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Ngozi ikishachanika hapo msihangaike na majani wala poda, mpelekeni.

Kulisha. Mkalishe wima kabisa, sio kuegama. Kijiko kidogo, ameze ndio uweke kingine. Kwa aliyepooza upande, chakula weka upande wa mdomo usiopooza. Akimaliza abaki amekaa kama nusu saa. Akiwa anapaliwa kila akinywa maji au uji, simamisha na muwaambie watu wa hospitali, maana chakula kinaweza kuwa kinaingia njia ya hewa na kumletea homa ya mapafu.

Kumwogesha. Funga mlango. Funika sehemu zote isipokuwa unayoosha. Mwanaume mtu mzima aogeshwe na mwanaume kama inawezekana, na mama na mwanamke, muulizeni anataka nani. Yesu kwenye Yohana 13 aliwaosha wanafunzi miguu, akajifunga kitambaa, maji akatia mwenyewe kwenye bakuli. Na pale mezani alikuwepo Yuda pia, kaoshwa. Nakukumbusha hilo kwa sababu iko siku utamwosha mtu ambaye hakuwahi kukusalimia vizuri.

Imekaa sawa kama: hakuna kidonda, shuka kavu, chumba hakina harufu, na daftari limeandikwa saa ya kugeuzwa mara ya mwisho.

## Hatua ya 5: Maombi ya kurudia

Luka 18 inasema Yesu alitoa mfano wa mjane na kadhi kuonyesha imewapasa kumwomba Mungu sikuzote wala wasikate tamaa. Yule mjane alikuwa *akimwendea-endea* kadhi. Hatujaambiwa kwamba alikuwa na maneno matamu, hana wakili, hana hela, sifa yake ni moja, kesho yupo tena. Na tusielewe vibaya, Mungu sio kama kadhi yule mdhalimu. Hoja ni kwamba kama hata mdhalimu alisikia, sembuse Baba.

Basi fanyeni hivi:

1. Muulize mgonjwa anataka aombewe nini. Mara nyingi utashangaa. Wewe umejiandaa kwa uponyaji wa ajabu na yeye anataka apate usingizi, au mwanawe wa Dar apige simu.
2. Andika ombi hilo kwenye daftari, sentensi moja na tarehe.
3. Kila anayekuja aombe hilo hilo kwa dakika tatu mpaka tano, sauti ya kawaida, ameketi, ikiwezekana amemshika mkono. Akitaka kuimba imbeni ubeti mmoja anaoujua. Mkesha wa kelele chumbani kwa mtu mwenye presha sio imani, ni usumbufu.
4. Kikijibiwa kitu hata kidogo, amelala usiku mzima, andika pembeni. Mwezi wa tatu mtakuwa mnahitaji kusoma kurasa hizo.
5. Mwiteni mchungaji au padre mapema, sio dakika ya mwisho. Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Kwa Wakatoliki mpako ni sakramenti ya wagonjwa, sio ya maiti, na unaweza kutolewa tena hali ikizidi.

Maangalizo, na haya naomba uyasome mara mbili.

Usimtafutie dhambi. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba mchana na usiku, walikaa naye chini bila neno. Walipoanza kueleza sababu ndipo walipoharibu. Kwenye Yohana 9 wanafunzi waliuliza nani katenda dhambi, huyu au wazazi wake, na Yesu akajibu si huyu wala wazazi wake. Kwa hiyo ile minong'ono ya koridoni kwamba karogwa na wifi yake, au katupiwa jini, ikatazwe kabisa. Nimeona ndugu wakigombana mpaka mazishini kwa neno lililosemwa na mtu aliyekuja "kuombea".

Usimwambie haponi kwa sababu imani yake ni ndogo. Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke, akajibiwa "Neema yangu yakutosha". Na Trofimo, mwenzake Paulo kazini, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa, iko 2 Timotheo 4:20, wala hakuna aliyemlaumu.

## Hatua ya 6: Dawa haziachwi

Fupi na wazi: asiambiwe mtu aache dawa kwa sababu ameombewa. Kifua kikuu cha kawaida tiba yake ni miezi sita, ukikatisha unaweza kurudi na usugu. ARV ni za maisha. Za presha mtu akiacha kwa kujisikia vizuri anaweza kupigwa kiharusi cha pili, na hicho huwa kibaya zaidi. Luka mwenyewe aliyeandika injili Paulo anamwita tabibu mpendwa. Yeyote katika kundi lenu anayesema "tupa vidonge uonyeshe imani", mtoeni kwenye ratiba siku hiyo hiyo, kwa upole ila mtoeni.

Andikeni saa za dawa kwenye daftari. Tarehe za kliniki pia, na nani anampeleka. Kama ni hospitali ya Bombo nendeni asubuhi na mtu wawili, mmoja abaki na mgonjwa, mmoja afuatilie foleni na vipimo. Gharama zikiwa kubwa ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini kabla hamjaanza kuchangisha, wao ndio wanaotathmini wasio na uwezo kwa ajili ya msamaha, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatambuliwa na sera kutibiwa bure. Familia nyingi zinauza baiskeli na cherehani kabla hata ya kugonga mlango ule. Kwa aliyepooza ulizeni pia mazoezi ya viungo, na muonyeshwe nyie wa ratiba mnayafanyaje nyumbani.

Akichoka ghafla, akapooza sehemu mpya, akashindwa kupumua, akashikwa na degedege, hapo ni hospitali kwanza, maombi mtaomba mkiwa kwenye bajaji.

## Hatua ya 7: Mwezi wa pili na wa tatu, pakikauka

Itafika. Hakuna badiliko, mgonjwa kakasirika, kakutukana, kakutemea uji. Ujue kiharusi kinaweza kugusa sehemu ya ubongo inayoshika hisia, mtu akalia au akafoka bila sababu. Sio wewe. 1 Wakorintho 13 inaposema upendo "hautafuti mambo yake; hauoni uchungu; hauhesabu mabaya", tunapenda kuisoma harusini, lakini mstari ule unafanyiwa kazi hapa kwenye beseni.

Cha kufanya: kutaneni wote jioni moja, bila familia, msome daftari tangu mwanzo. Kila mtu aseme ukweli amechoka kiasi gani. Aliyechoka sana apumzike wiki mbili bila kuonekana msaliti, ratiba ipangwe upya. Afadhali mtu apumzike kwa kuaga kuliko kupotea kimya kimya, kwa sababu anayepotea kimya anashindwa kurudi kwa aibu. Alafu someni Wagalatia 6:9 kwa sauti, "tusichoke katika kutenda mema", na mbele kidogo pale anaposema "kwa wakati wake", wakati ambao hatuupangi sisi.

Usiendelee kwa hasira. Ukijiona unamgeuza mgonjwa kwa nguvu kuliko kawaida, toka nje, mwite mwenzako.

Imekaa sawa kama: kuna mtu ameomba kupumzika na hamkumsema.

## Hatua ya 8: Picha, siri na pesa

Hakuna picha ya mgonjwa kitandani kwenda stetasi wala kwenye grupu la kwaya, hata kwa nia ya kuchangisha, mpaka yeye mwenyewe akubali akiwa na akili timamu. Mathayo 6 iko wazi kuhusu sadaka ya kupigiwa panda, yaani tarumbeta. Mliyoyasikia chumbani yaishie chumbani.

Pesa ishikwe na wawili, iandikwe, familia ionyeshwe kila wiki. Ikibaki ni yao.

## Hatua ya 9: Kumaliza vizuri

Miezi mitatu ikifika kaeni na familia kama mlivyoahidi. Waulizeni, mnataka tuendelee? Kipi tuache? Wakisema inatosha, msinung'unike.

Mgonjwa akipata nafuu punguzeni siku taratibu, na kazi anazoziweza mwachieni, hata kama anachukua saa nzima kufunga vifungo vya shati. Kumfanyia kila kitu kunamrudisha kitandani. Asiombwe kusimama mbele kutoa ushuhuda kama hataki, hakupona ili tupate kipindi.

Akifa, msiseme maombi yalikataliwa. Mliombea asilale peke yake na hakulala peke yake. Dawa zilizobaki zirudishwe kituo cha afya, zisigawiwe jirani. Na ratiba isikatwe siku ya kuanua tanga, iendelee walau mwezi mmoja zaidi kwa ajili ya yule aliyeuguza, maana ameacha biashara, amezoea kuamka kila masaa mawili na sasa hana wa kumgeuza. Mpelekeeni chakula, kaeni naye usiku ule wa kwanza watu wakitawanyika. Muulizeni kabla ya haya yote alikuwa anafanya nini. Kama alikuwa anauza vitumbua, mchangieni mchele, nazi na mafuta ya kuanzia, na asubuhi ya kwanza atakapobandika karai nyie ndio muwe wateja.